Serikali isijigawie faini yake yenyewe

Kwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya,



Mwaka 1999 jopo la raia katika mahakama moja ya Portland, jimbo la Oregon, Marekani, liliamua kampuni ya sigara ya Philip Morris imlipe mjane wa mvutaji dola milioni 79.5 za kuiadhibu, mbali na fidia ya hasara. Mjane hakuachiwa zote. Sheria ya jimbo iliipa hazina ya waathiriwa wa uhalifu asilimia 60, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Oregon ikashikilia kwamba kampuni iulipe mgao huo. Jimbo la Indiana huchukua asilimia 75. Hoja ya majimbo hayo ina uzito: hasara ya mdai imeshafidiwa, na adhabu ni ya umma.

Likiletwa Bungoma au Kitale, wazo hilo litagonga mwamba. Huku anayestahili kuadhibiwa mara nyingi ni serikali; ikichukua mgao, itakuwa inajilipa yenyewe.

Kuishinda serikali kortini nako si rahisi. Machi 2008 jeshi la Kenya lilipanda Mlima Elgon kuwasaka wapiganaji wa SLDF, kundi lililoua watu na kuwakata masikio. Wanaume walikusanywa wakapelekwa kambi ya Kapkota, na wengi walisimulia mateso. Shirika la haki za binadamu la IMLU likaipeleka Kenya kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, likitaja wakazi zaidi ya 3,000. Machi 2012 kitengo cha rufaa kiliitupa kesi: ilifunguliwa baada ya miezi miwili inayoruhusiwa na mkataba. Suala la mateso lenyewe halikuamuliwa.

Na anayeshinda? Mkulima wa Kitale akishindwa na deni, dalali huja na lori akabeba ng'ombe na makochi. Serikali ikidaiwa, kifungu cha 21 cha Sura ya 40 ya Sheria za Kenya, inayohusu kesi dhidi ya serikali, hakiruhusu hata meza yake iguswe. Mshindi huchukua cheti cha deni kortini, hukifikisha ofisini kwako, husubiri, kisha hurudi kuomba katibu wa wizara ashurutishwe kulipa. Wengine huzeekea kwenye foleni hiyo.

Mgao wa umma katika fedha za adhabu, ukitungiwa sheria, uwahusu kampuni na watu binafsi tu, usizidi nusu, na uingie kwenye hazina ya waathiriwa iliyoundwa na sheria ya mwaka 2014, usipitie Hazina Kuu. Serikali au kaunti ikiwa ndiyo mkosaji, mdai achukue yote, na cheti kikikaa siku 90 bila malipo, riba ipande.

Nakala: Wasajili, Mahakama Kuu, Bungoma na Kitale.