Kicheko Mlangoni mwa Chumba cha Upasuaji



Mtoto anayepelekwa kupasuliwa haogopi sana kisu, maana hakioni. Anaogopa kutengwa na mama, nyuso zilizofunikwa, na barakoa ya dawa ya usingizi inayowekwa puani. Sisi wauguzi hatuidharau hofu hiyo. Mtoto aliyelala kwa woga huenda akaamka kwa fujo, akasikia maumivu zaidi, na akirudi nyumbani akaota ndoto mbaya au kukojoa kitandani.

Mwaka 1986, mjini New York, Michael Christensen wa sarakasi ya Big Apple Circus alianzisha kazi ya wachekeshaji wa hospitali. Mchekeshaji huvaa pua nyekundu na koti la daktari. Hubisha hodi kwanza, na mtoto akimkataa, haingii. Hivyo mgonjwa mdogo, anayeamriwa na kila mtu, hupata naye neno la kusema.

Je, inasaidia? Huko Florence, Italia, walichukuliwa watoto 40 wa miaka 5 hadi 12. Nusu waliingia kulazwa usingizi pamoja na mzazi tu; nusu waliingia na mzazi pamoja na wachekeshaji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba hao wa pili walikuwa na hofu pungufu. Hata hivyo, wahudumu wengi hawakutaka utaratibu huo uendelee, kwa kuwa ulichelewesha kazi.

Hospitali nyingi hazina wachekeshaji, lakini mama yupo. Tufanye haya:

1. Tumwambie mtoto ukweli. Tukisema hakuna sindano, naye akachomwa, hatatuamini tena.

2. Tucheze naye nyumbani: mwanasesere awe mgonjwa, na mtoto ajifunze kupuliza pumzi kama anayejaza puto.

3. Tuulize kama mama anaruhusiwa kumsindikiza mpaka alale. Tubebe kitu anachokipenda.

4. Tusimpe chakula wala kinywaji kinyume cha maagizo, hata akilia. Kilichomo tumboni kinaweza kurudi na kuingia mapafuni akiwa usingizini.

5. Tutulize nyuso zetu. Mtoto humsoma mama kabla ya daktari.

Mithali 17:22 inautaja moyo wa furaha kuwa ni dawa. Basi tukiisha kuomba na mtoto, tusione haya kucheka naye.