Chupa nyuma ya kopo la sukari

Kibaraza cha Mzee Shomari

Jumanne nilikwenda kumjulia hali Mzee wa Bao. Wasomaji wa kibaraza hiki mnamjua: ndiye anayenifunga kabla hatua ya namua haijaisha, kisha anauliza kama nimekuja kucheza au kupiga soga. Safari hii hakuuliza kitu. Nilimkuta amejikunja kitandani, ameuma ncha ya shuka, jasho linamtiririka na feni inazunguka. Ana miaka 78. Saratani ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo.

Nikauliza dawa ya maumivu iko wapi. Mkewe akainamisha macho. Kijana wao mkubwa, mwenye shahada ya ugavi na gari la kazini, ndiye aliyejibu: "Baba mdogo, ile mofini nimeificha. Inamaliza watu. Jirani alianza kuinywa Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Halafu mzee akigeuka teja?"

Chupa ilikuwa kabatini, nyuma ya kopo la sukari, imejaa hadi shingoni. Siku tisa.

Nilishindwa kukaa kwa hasira. Teja! Mtu asiyeweza kujigeuza ubavu bila kushikwa, anaogopewa kwenda kijiweni kwa wavuta unga? Na huyo jirani namkumbuka vizuri, maana nilibeba jeneza lake. Alipoanza mofini alikuwa hamezi hata uji. Familia iliikataa dawa miezi mitatu, ikakubali zilipobaki siku. Saratani ikamuua, lawama ikabebeshwa chupa. Ndivyo uvumi huu unavyokua mtaani: tunaichelewesha dawa mpaka mauti yamefika mlangoni, kisha tunahesabu waliokufa baada ya kuinywa. Anayezidiwa na ugonjwa ndiye anayeongezewa dozi, na anayezidiwa ndiye anayekufa.

Mofini si maji ya dafu, hilo nalijua. Figo za mzee zimechoka, dawa hukawia mwilini, kwa hiyo huanzishwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa taratibu. Ikichanganywa na vidonge vya usingizi au pombe, pumzi inaweza kufifia hadi kukatika. Inafunga choo, ndiyo maana huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha. Inaleta kizunguzungu, na mzee anaweza kuanguka akienda msalani usiku. Kwa hayo yote, msikilize nesi na ushike saa. Hakuna hata moja linalomruhusu mtu kuificha.

Uganda walishaivuka hofu hii ya mofini. Dk Anne Merriman alianzisha shirika la Hospice Africa Uganda mwaka 1993, unga wa mofini ukakorogwa na maji, wagonjwa wakanywea majumbani mwao. Tangu 2004 hata wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Na dawa yenyewe ni adimu: mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilionyesha kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii hii zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Dawa adimu hivyo imefika hadi nyumbani kwa mzee, mwanawe wa kumzaa anaifungia kabatini!

Kijana huyohuyo aling'olewa jino mwaka juzi, akadai ganzi iongezwe mara mbili. Nilimkumbusha mbele ya mama yake. Akanyamaza.

Tulimpigia nesi. Akatuelekeza tuanze na kipimo cha mwanzo, kinachopimwa kwa bomba la sindano, kila baada ya saa nne. Usiku ule Mzee wa Bao alilala, na mkewe akalala. Asubuhi mzee aliomba chai ya tangawizi.

Wewe unayesoma, kama chupa ya namna hiyo imefichwa nyumbani kwenu, itoe leo. Mpigie nesi, muulize kipimo na saa. Mzee wako yuko chumbani, ameuma shuka.