Si Kila Asiyemwamini Mungu Haamini Kitu



Katika mahubiri na semina nyingi za walei husikika kauli hii: asiyemwamini Mungu haamini kitu chochote, na asiyeamini kitu aweza kutenda lolote. Ni kauli fupi, yakumbukika upesi, na huwafurahisha wasikilizaji. Sisi tunaipinga. Hatuipingi kwa ajili ya kuwatetea wakanamungu, ambao waweza kujitetea wenyewe, bali kwa sababu yatufumba macho tusimwone adui aliyekwisha kuingia nyumbani.

Adui huyo wanafalsafa humwita nihilizimu, kutokana na neno la Kilatini nihil, yaani "si kitu". Ni msimamo kwamba hakuna jambo lenye thamani ya kweli: wema ni desturi tu, na uhai wa mtu hauna uzito. Ukanamungu ni jambo jingine. Mkanamungu anakana kuwapo kwa Mungu. Hajasema bado kwamba jirani yake si kitu. Hata Nietzsche, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alipoandika mwaka 1882 juu ya kufa kwa Mungu, hakuwa akishangilia tu. Katika kisa chake, mwendawazimu anawapigia kelele watu walio sokoni, na wengi wa watu hao ni wasioamini, wanaocheka bila kutambua uzito wa lililotokea. Jibu lake twalikataa. Swali lake twaliheshimu.

Mtazameni pia Albert Camus, mzaliwa wa Algeria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Hakuamini Mungu. Hata hivyo, Wanazi walipoikalia Ufaransa alihariri gazeti la siri la Combat, kazi ambayo ingeweza kumgharimu uhai. Baada ya vita alialikwa na watawa Wadominiko, akawaambia kwa adabu kwamba hakuja kuwageuza. Ila katika miaka ile ya kutisha alikuwa akingojea sauti kuu kutoka Roma ikemee kwa maneno yanayoeleweka na kila mtu, na hakuisikia ipasavyo. Mtu asiyeamini kitu hangojei sauti ya namna hiyo.

Sasa tugeukie kwetu. Mwezi wa Aprili 1994, katika Rwanda, nchi ambayo sehemu kubwa ya wananchi wake walikuwa wamebatizwa, watu walikimbilia makanisani wakiamini kwamba hapo hawataguswa. Waliuawa Ntarama, Nyamata na Nyarubuye. Huko Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga, nao wamo ndani. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha, mlangoni petu, ilimtia hatiani padre mwenyewe wa parokia ile. Mwaka 2008 rufani ikampa kifungo cha maisha. Wauaji wengi walijua Baba Yetu kwa moyo. Je, walikuwa wakanamungu?

Najua jibu lililo tayari midomoni: "Hao hawakuwa Wakristo wa kweli." Lakini mizani iwe moja. Hatufichi kwamba serikali zilizomkana Mungu waziwazi, kama ile ya Stalin, ziliua mapadre na waamini wengi sana. Ikiwa muuaji aliyebatizwa si wa kwetu, asiyeamini naye aweza kutuambia kwamba Stalin si wa kwake. Twabaki na ukweli mchungu: kumhesabu binadamu kuwa si kitu kwawezekana pamoja na ukanamungu, na kwawezekana pamoja na rozari mkononi.

Katika siku zilezile, huko Gisenyi, Félicité Niyitegeka, Mhutu, aliwaficha Watutsi katika nyumba aliyoiongoza. Ndugu yake, afisa wa jeshi, alitaka kumwokoa yeye. Akakataa kuwaacha wenzake, akauawa pamoja nao. Hiyo ndiyo imani, nayo haikuhitaji kumtukana asiyeamini.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kijana anayeitwa mwizi anachomwa moto mtaani, nasi twapita tukielekea kwaya. Mjamzito anaombwa "chai" wodini na muuguzi aliye mwanachama wa chama cha kitume. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulikiri kwamba waamini wenyewe, kwa mwenendo wao, wana sehemu si ndogo katika kuzaliwa kwa ukanamungu. Maneno hayo yana zaidi ya nusu karne, na bado twamtafuta mkosaji nje ya uzio.

Twawaomba makatekista waiache kauli ile tuliyoanza nayo. Na mkutano wa jumuiya, kabla ya kusoma michango, ujiulize: tangu tulipokutana, ni nani katika mtaa huu aliyetendewa kana kwamba si kitu, nasi tukijua? Jibu liandikwe katika daftari lilelile la michango.