ALISEMA MWENYEWE, SAWA. ILA NANI ALIKATA?

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nataka tuongee kuhusu sisi tunaowaletea huo ubuyu, na mimi nikiwemo, maana kuna kitu nimekibeba moyoni tangu mwaka jana na kimenichosha.

Mnaikumbuka ile klipu ya yule dada wa Bongo Muvi akisema mtoto wake hakumtaka? Jina silitaji, na nawaomba na nyie kwenye komenti msilitaje. Ile klipu niliikata mimi. Mimi na mashine.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Mwenzenu nimeishia kidato cha nne. Kuedit video sikusomea popote, nilijifunzia kwenye simu huku nauza kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Mwaka jana jamaa mmoja mwenye chaneli ya mahojiano akaanza kunipa kazi. Yeye anarekodi mahojiano marefu, mimi namtolea vipande vya kurusha TikTok, Instagram, YouTube Shorts na status za WhatsApp. Kila kipande elfu tano.

Sasa mahojiano ya karibu saa mbili, uyasikilize yote, ukate, uandike na maneno ya chini, hiyo ni siku nzima na usiku wake. Jamaa akaniletea programu ya akili mnemba. Unaipa video, unaenda kula ugali wako, ukirudi imeshakutolea vipande 14, vimepangwa vizuri, na kila kimoja kimepewa alama juu ya 100 kuonyesha kitakavyopata watazamaji. Nilishangilia. Nikasema jamani, Mungu ni mkubwa, nimepona kukesha.

Kwa asiyejua inavyofanya kazi: kwanza inasikiliza sauti na kuigeuza maandishi. Halafu inasoma yale maandishi inatafuta sentensi nzito, inaangalia na kicheko, sauti iliyopanda, machozi, mtu aliyenyamaza ghafla. Ikishachagua inaichukua video iliyolala inaifanya ya kusimama, inamfuata anayeongea abaki katikati. Mwisho inabandika maneno makubwa ya njano chini. Dakika chache tu kazi imeisha.

Kwenye michezo kitu hiki kina faida sana. Mwaka 2017 kampuni ya IBM iliweka mtambo wake kwenye tenisi ya Wimbledon, ukawa unachagua matukio ya mechi kwa kusikiliza kelele za mashabiki na kuangalia mchezaji anavyoshangilia. Inaeleweka. Uwanja ukilipuka, ujue kuna jambo. Goli ni goli hata ukilikata peke yake.

Lakini mahojiano sio mechi. Mtu anaweza kupiga kelele kwa utani tu, halafu neno la maisha yake akalisema kwa sauti ya chini huku anaangalia kucha zake.

Turudi kwa dada. Dakika ya 64 mtangazaji akamuuliza kuhusu uzazi wake wa kwanza. Akajibu hivi: "Mwanangu sikumtaka, nisiwe muongo. Walivyoniletea nimshike, nikageukia ukutani." Akanyamaza. Akafuta machozi. Akaendelea: "Nilikuwa na miaka 17, baba yake kanikana, nyumbani nimefukuzwa. Nikawaza, huyu nitampeleka wapi?"

Mashine ikaipa alama 96. Ikaiweka ya kwanza juu kabisa. Na mimi, kwa njaa zangu, nikaichukua kama ilivyo.

Sasa angalieni kitu kilichotokea, maana hapa ndipo penye somo. Ya TikTok ilikuwa sekunde 58, ikaishia pale kwenye "nitampeleka wapi". Hapo angalau mtu alisikia kuhusu ile miaka 17. Ya status nikataka sekunde 30, kile kipimo cha zamani cha WhatsApp ambacho wengi bado tumekizoea. Ikaishia pale pa kugeukia ukutani. Miaka 17 ikaondoka. Kufukuzwa nyumbani kukaondoka. Halafu ile programu ikanitolea na picha ya nukuu ya kuposti Instagram: uso wa dada unalia, na maneno mawili tu, MWANANGU SIKUMTAKA.

Maneno ni ya kwake yote, hata moja halikuongezwa. Ila kadiri kipimo kilivyopungua, ndivyo dada alivyozidi kuwa mbaya. Kwenye video nzima ni mama aliyepita kwenye tanuri akatoka. Kwenye sekunde 58 ni binti aliyeonewa. Kwenye sekunde 30 ni mwanamke asiye na huruma. Kwenye picha ni shetani kabisa.

Na kile cha kuifanya video isimame nacho kilichangia. Kwenye video halisi mtangazaji alikuwa amemshika mkono, na swali lake lilikuwa la upole sana. Mashine ikamkata mtangazaji, swali likabaki nje. Dada akabaki peke yake kwenye kioo kama mtu aliyejitokeza tu asubuhi kutangaza kwamba hampendi mwanawe.

Ile klipu ikakimbia, si mchezo. Jamaa wa chaneli akanitumia hela na emoji za moto. Komenti mnazijua wenyewe, sitazirudia hapa.

Siku ya nne nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Ni dada mwenyewe. Nikajua leo natukanwa.

Hakunitukana. Akaniuliza, "Mdogo wangu, ni wewe uliyekata?" Nikasema ndiyo dada, shikamoo, nisamehe. Akasema, "Marahaba. Sikulaumu kwa nilichosema, nilikisema mimi. Ila ungeniacha nimalizie."

Kisha akaniambia kuhusu mtoto. Yuko darasa la sita. Mwenzake alikuja shuleni na habari kutoka kwenye simu ya kaka yake, akamwambia mbele za watu, "mama yako alisema hakutaki." Mtoto hakusema kitu nyumbani siku mbili. Ya tatu, wakati wa kula, akauliza, "Mama, ni kweli?"

Jamani.

Dada akamwekea video yenyewe kwenye simu, kuanzia dakika ya 64 mpaka ya 76. Wakakaa wakaangalia wote. Maana kule mbele, baada ya maneno mengine mengi, anaeleza mama mmoja wa wodini, hata jina lake hakulijua, alivyokuwa anambembelezea kichanga usiku. Anaeleza siku ya tatu alivyomshika mwenyewe. Na anasema, "Tangu siku ile sijamwachia. Kila ninachohangaika hapa mjini, ni yeye."

Nilipokata simu nikarudi kwenye ile programu kutafuta hicho kipande. Kilikuwepo! Mashine ilikikata kabisa. Ni kipande cha 13, kimepewa alama 41, kwa sababu hapo dada haliii, anaongea taratibu tu anatabasamu. Kilikuwa chini kabisa na mimi hata sikukifungua.

Niliifuta klipu usiku uleule, ila ndiyo hivyo, ilishapakuliwa. Mpaka leo nakutana nayo kwenye akaunti za watu nisiowajua, imewekewa na mziki wa huzuni.

Najua wengine mshaanza kuandika: "Si alisema mwenyewe? Kwani kalazimishwa?" Hiyo sentensi ya "alisema mwenyewe" naijua vizuri, nilijifichia humo wiki nzima. Ni kweli alisema. Lakini alisema ndani ya dakika 12, mimi nikawapa nyie sekunde 30. Zile dakika 12 ni zake. Zile sekunde 30 ni zangu. Nilichagua pa kuanzia, nikachagua pa kumnyamazisha.

Na tusidanganyane kwamba "anayetaka ukweli akaangalie video nzima". Kwa bando gani? Sisi wote tunajua wengi wenu mnaangalia kwa bando la siku, likibaki kidogo mnalibania la WhatsApp. Mama ntilie aliyeona status ya shoga yake hatakwenda kutafuta saa mbili za YouTube. Kwake yeye klipu ndiyo mahojiano. Kwa hiyo anayekata ndiye anayeongea na wananchi, mtangazaji na mgeni wake wanabaki kama malighafi tu.

Kuna na hili la lugha, ambalo wanaotumia hizi programu wanalichukulia poa. Kiswahili chetu kinabeba "hapana" kwenye kipande kidogo sana mwanzoni mwa neno. "Hatutarudiana" na "tutarudiana", tofauti ni "ha" tu. Mtu akiongea haraka, au feni inapuliza karibu na maiki, mashine inaimeza ile "ha". Imenitokea. Msanii mmoja kasema na mwenzake hawatarudiana, maneno ya chini yakaandika watarudiana. Hiyo niliiwahi kabla ya kuposti. Fikirieni ingepita: wengi wanaangalia simu zimezimwa sauti kwenye daladala, wanasoma maandishi tu. Kesho yake bibi mpya kashafungasha mizigo.

Sasa sisemi tuache hii teknolojia. Nitakuwa mnafiki. Kijana asiye na kompyuta kubwa wala ofisi leo anafanya kazi ya watu watatu, na mimi kodi ya chumba nalipia humohumo. Ninachosema ni kwamba mashine inatafuta, sio inaamua. Mwaka 2016 haohao IBM walitumia mtambo wao kutengeneza trela ya filamu ya kutisha inaitwa Morgan. Mtambo ukachagua matukio kumi, halafu mhariri, binadamu, akakaa akayapanga. Na ile ilikuwa filamu ya kutunga! Mwigizaji hana mtoto darasa la sita wa kuumizwa na trela. Iweje sisi tunaokata maisha ya watu halisi tubonyeze tu "posti" tukalale?

Mimi sasa nimejiwekea utaratibu wangu, anayetaka auchukue.

Kwanza, kila kipande mashine inachonipa, narudi kwenye video nzima nasikiliza dakika tano kabla na dakika kumi baada. Nikikuta mtu aliendelea mbele akarekebisha au akamalizia, na kile cha mbele kinaingia. Kisipoenea, kipande hakitoki.

Pili, kipande cha sekunde 30 sikikati kutoka kwenye cha sekunde 58. Naanza upya na video nzima, natafuta kitu kinachosimama chenyewe kwa sekunde 30. Sio kila jambo linaenea kwenye status. Mengine yaache kwenye video ndefu, hayataoza.

Tatu, maneno ya chini nayasoma yote huku nasikiliza kwa earphone, hasa pale penye "ha" na "si".

Nne, vipande vyenye alama ndogo navifungua vyote. Vyote kabisa. Hili sihitaji kueleza kwa nini.

Tano, mtu akiwa amemtaja mtoto, mzazi au maradhi, namtumia kwanza aone kabla haijatoka. Wengi wanajibu ndani ya saa moja. Hawagomi kama mnavyofikiri, wanataka tu wamalizie sentensi.

Yule jamaa wa chaneli tulishaachana kikazi. Alisema siku hizi nachelewesha, na kuna dogo mwingine anamtolea vipande 20 kwa siku kwa elfu mbili mbili. Sina ugomvi naye, biashara ni yake. Nimebaki na wateja wawili, hela imepungua, usingizi umerudi.

Na nyie wasomaji mna sehemu yenu. Ukiona klipu inaanza mtu akiwa katikati ya kulia, haina swali, haina mwisho, jiulize kabla ya kuisambaza: kabla ya hapa aliulizwa nini, na baada ya hapa alisema nini? Ukikosa jibu, basi hujamsikia bado.

Haya, niandikieni hapo chini. Kuna aliyewahi kukatwa hivyo, hata kwa voice note tu kwenye grupu la familia? Matusi yangu nitayasoma, nayastahili. Ila komenti yenye jina la dada naifuta. Mtoto wake siku hizi anasoma mwenyewe.