Tembo Walipopatana

Ndugu msomaji, wazee wetu walituachia usemi kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Usemi huo tunaujua sote, na kila mtu ana siku yake ya kuutumia. Lakini sijapata kumsikia mzee akitueleza hali ya nyasi pale tembo wanapoacha kupigana, wakakaribiana, wakashikana mikonga na kuanza kutembea pamoja. Leo safu hii yataka kulitazama jambo hilo, kwani siku hizi haupiti mwaka pasipo kusikia kwamba kampuni fulani imeinunua nyingine, au kwamba mbili zimeungana ati kwa manufaa ya wote. Mfanyakazi huisoma habari hiyo ukutani, kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na saa ya kuingilia kazini, kisha hurudi nyumbani akiwa hajui amwambie nini mkewe.

Mfano nitakaoutumia ni wa bia. Najua wapo watakaonuna, wakisema ukurasa wa familia si mahali pa kuzungumzia ulevi, tena siku ya Jumapili. Nawaomba radhi. Sizungumzii kinywaji, nazungumzia kiwanda. Na kiwanda cha bia hulisha familia za wanywaji na za wasiokunywa pia. Vilevile, habari za bia za Afrika ya Mashariki ni darasa zuri kuliko vitabu vingi vya uchumi, kwa sababu zilitokea mbele ya macho yetu.

Hata hao tembo hawakuingia humu kwa bahati. Mwaka 1922 ndugu wawili wa Kiingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kampuni ya kutengeneza bia mjini Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia yao ikaitwa Tusker, jina la Kiingereza la ndovu dume mwenye pembe kubwa. (Kiswahili nacho kina utani wake: neno tembo ni la mnyama, na ni la kinywaji cha mnazi.) Mwaka 1936 kampuni hiyo iliungana na ile ya Dar es Salaam, ikazaliwa East African Breweries. Kwa hiyo kuungana kwa makampuni si jambo lililoletwa na utandawazi. Babu zetu walilikuta.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, Serikali ya Tanzania ilichukua hisa katika viwanda vikubwa, na Tanzania Breweries kilikuwa kimojawapo. Hapo njia za Nairobi na Dar es Salaam zikaachana. Tusijidanganye kwamba mambo yalikuwa mema siku zote. Wanaoikumbuka miaka ya 1980 wanakumbuka foleni, wanakumbuka kreti zilizotafutwa kwa kujuana, na bia ambayo ladha yake ilitegemea siku. Mwaka 1993 Serikali iliuza nusu ya hisa kwa tawi la South African Breweries, wakati Nelson Mandela alikuwa bado hajaingia Ikulu. Mwaka 1998 hisa za kampuni hiyo ziliingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Ndipo vita vilipoanza. Wale wa Afrika ya Kusini, wakiwa tayari wamekaa vizuri Tanzania, waliutazama mpaka wa kaskazini, wakajenga kiwanda Thika, karibu na Nairobi, ili wauze bia yao ya Castle nchini Kenya. Kiwanda hicho kilianza kazi mwaka 1998. Wale wa Nairobi nao hawakukubali kuchezewa kwao. Wakaingia Tanzania na kiwanda chao cha Kibo, mjini Moshi. Basi kila tembo akawa ameweka mguu mmoja katika shamba la mwenzake. Matangazo yakajaa barabarani, mawakala wakabembelezwa, na wenye baa wakajiona wafalme.

Sasa, ndugu msomaji, yatubidi tuelewe kiwanda cha bia kinavyokula fedha, la sivyo hatutaelewa kwa nini vita hivyo havikudumu. Tanuri la kuchemshia maji, mitambo ya kupozea, mapipa makubwa ya kuchachushia na mashine ya kujazia chupa vina gharama ileile, kiwanda kijaze chupa milioni moja au nusu yake. Mlinzi hulipwa, fundi hulipwa, riba ya benki hulipwa. Kiwanda kinachofanya kazi nusu ya uwezo wake kwa hiyo huweza kupata hasara katika kila chupa inayotoka mlangoni. Thika kilikuwa kinauza katika nchi ambayo mnywaji alikuwa amekwisha kuzoea Tusker tangu enzi za baba yake. Kibo nacho kilipambana na Safari na wenzake katika nchi yao. Mabwana wa pande zote mbili walikuwa wakitupa fedha katika shimo, na kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake achoke kwanza.

Mwaka 2002 walichoka pamoja. Wakaketi, wakaandikiana mkataba. Kampuni ya Nairobi ilipewa asilimia 20 ya hisa za Tanzania Breweries. Wale wa Afrika ya Kusini wakapewa asilimia 20 ya Kenya Breweries. Castle ingetengenezwa Kenya na mwenye nchi, na Tusker ingetengenezwa Tanzania na mwenye nchi. Kila mmoja akawa na fungu katika faida ya mwenzake, hata ikawa hana tena sababu ya kumtakia mabaya. Kwa wenye hisa ilikuwa akili kubwa. Nakiri hivyo bila shingo upande.

Viwanda vya Thika na Moshi vikafungwa.

Hapa naomba tukae kidogo, kwani hapa ndipo nyasi zilipo. Viwanda hivyo havikufungwa kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wavivu, wala kwa sababu bia yao ilikuwa chungu. Vilifungwa kwa sababu kuwapo kwake ndiko kulikokuwa vita, na amani haikuweza kuandikwa pasipo kuviondoa. Fundi wa Moshi angeweza kufanya kazi kwa uhodari kuliko wote wa Afrika ya Mashariki, na bado jina lake lingekuwa katika orodha. Hilo ndilo jambo ambalo mfanyakazi huchelewa kulielewa anaposikia kwamba kampuni yake inaungana na nyingine. Huuliza, 'Tumekosa nini?' Mara nyingi hakuna kosa. Unafuu unaotangazwa kwa wenye hisa unakaa katika ile mashine ya pili, karani wa pili na ghala la pili, ambavyo baada ya kuungana huonekana vimezidi.

Na si mfanyakazi peke yake. Mwenye baa aliyekuwa akibembelezwa na mawakala wawili alibaki na mmoja. Na wakala mmoja, kama tujuavyo, habembelezi. Mkulima wa shayiri naye hupungukiwa mlango wa kubisha. Ukiritimba si lazima uje na kofia ya serikali. Sisi tulioulaumu sana ule wa shirika la umma hatuna budi kuutazama kwa jicho lilelile unapokuja umevaa suti.

Amani hiyo ilidumu miaka minane. Kilichoivunja kilikuwa ni kampuni changa ya papa hapa nchini, Serengeti, iliyokuwa ikikua haraka pembeni huku wakubwa wakitazamana. Mwaka 2010 East African Breweries, ambayo wakati huo mwenye hisa zake nyingi alikuwa Diageo ya London, iliamua kununua asilimia 51 ya Serengeti. Sasa fikiri mwenyewe: kampuni moja ingekuwa na zaidi ya nusu ya Serengeti, na wakati huohuo na moja ya tano ya mshindani wake mkubwa. Tume ya Ushindani, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003, ilikubali ununuzi huo kwa sharti kwamba hisa za Tanzania Breweries ziachwe. Mwaka 2011 zikauzwa kwa wananchi, takriban hisa milioni 59, kwa shilingi 2,060 kila moja. Kenya nako wabia waliachana, na East African Breweries ikazirudisha mikononi mwake zile asilimia 20 za Kenya Breweries kwa takriban shilingi bilioni 20 za nchi hiyo.

Nawajua watu wanaojilaumu hadi leo kwa habari ya zile hisa. Aliyenunua 100 alitoa shilingi 206,000, na kabla miaka mitano haijapita hisa moja ilikuwa ikiuzwa zaidi ya shilingi 10,000. Siwaambii haya ili mkimbilie sokoni kesho asubuhi, kwani bei ya hisa hupanda na hushuka. Nawaambia ili muone kwamba utengano nao una mavuno yake, na kwamba sharti moja la Tume lilifungua mlango ambao tembo wenyewe wasingeufungua. Aidha, Tanzania ikarudi kuwa na makampuni mawili makubwa ya bia yanayogombea mnywaji, na Moshi ukapata tena kiwanda, cha Serengeti safari hii. Kwa yule aliyefukuzwa Kibo mwaka 2002, walakini, miaka kumi ni mingi kuisubiri kazi.

Kisha akaja tembo mkubwa kuliko wote. Kampuni ya AB InBev, ambayo makao yake yako Ubelgiji, ilikuwa imejijenga kwa kumeza wenzake: Wabelgiji waliungana na Wabrazili mwaka 2004, wakaimeza Anheuser-Busch ya Marekani mwaka 2008 kwa dola bilioni 52, na mwezi wa Oktoba 2016 wakaimeza SABMiller, yaani wale wa Afrika ya Kusini baada ya wao wenyewe kuimeza Miller ya Marekani. Bei ilizidi dola bilioni 100. Jina la SABMiller likafutika siku hiyohiyo, na hisa kubwa ya kiwanda chetu cha Ilala ikawa na bwana mpya ambaye wapakiaji wa kreti hawakupata kumwona.

Kwa nini mtu atoe fedha nyingi hivyo? Sababu ya wazi ilikuwa Afrika. Ulaya na Marekani wanywaji wa bia walikuwa wamekoma kuongezeka; huku kwetu vijana ni wengi na miji inapanuka. Kujenga viwanda na kutafuta wateja nchi moja baada ya nyingine kungechukua miaka mingi, na kununua kulichukua mwaka mmoja tu wa mazungumzo. Sababu nyingine ni ile tuliyoiona Thika na Moshi: mnunuzi alitangaza mapema kwamba angepunguza asilimia 3 hivi ya wafanyakazi wa makampuni hayo mawili yakishaungana, kiasi cha watu 5,500. Na sababu ya tatu, ambayo haiandikwi katika taarifa yoyote, ni fahari ya wakubwa kutaka kuwa wakubwa zaidi. Naihesabu kuwa sababu kamili.

Matokeo yake kwa mnunuzi hayakuwa asali tupu. Deni lililobaki lilizidi dola bilioni 100, na mwaka 2018 kampuni ililazimika kupunguza gawio la wenye hisa kwa nusu. Hata tembo huvimbiwa.

Jambo moja katika biashara hiyo lafaa kukumbukwa na kila chama cha wafanyakazi. Afrika ya Kusini haikuupitisha muungano huo bure. Waziri wake wa maendeleo ya uchumi, Ebrahim Patel, alijadiliana na mnunuzi hadi akakubali kwamba wafanyakazi wa nchi hiyo wasiachishwe kazi kwa lazima kwa sababu ya muungano, na kwamba randi bilioni moja zitengwe kuwasaidia wakulima na miradi ya ajira. Masharti hayo yaliwekwa kabla ya idhini kutolewa, wakati mnunuzi alipokuwa na haraka naye. Baada ya idhini angekuwa na haraka gani?

Je, wewe unayeisoma ile karatasi ukutani, uulize nini? Kwanza, uliza kilichouzwa ni hisa au ni mali. Hisa zikiuzwa, mwajiri wako ni kampuni ileile. Aliyebadilika ni mwenye kampuni, na miaka yako ya kazi inaendelea kuhesabiwa. Yakiuzwa majengo na mitambo peke yake, shauri ni lingine, na inakupasa kujua mapema nani atakulipa stahili zako za nyuma. Pili, kumbuka kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu awaeleze sababu na kushauriana na chama chao kabla ya kupunguza: njia za kuepuka, namna ya kuwachagua watakaoondoka, wakati na malipo. Mashauriano hayo hayawi mashauriano ikiwa orodha imekwisha kupigwa chapa.

Na kuhusu malipo yenyewe, kiinua mgongo cha sheria hiyo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, lakini miaka haihesabiwi kupita 10. Mtu aliyefanya kazi miaka 22 katika kiwanda kimoja atapata siku 70, sawa na jirani yake aliyefanya miaka 10, isipokuwa mkataba wa hali bora wa mahali pao pa kazi umeandika zaidi ya hapo. Nakala ya mkataba huo ipo ofisini kwa chama chenu, na kila mwanachama ana haki ya kuisoma.