Mafunzo ya Kiingereza: Jinsi ya Kulalamikia Tabia

Kila ajifunzaye Kiingereza huambiwa mapema kwamba "He is borrowing my pen" maana yake ni kuwa mtu anaazima kalamu sasa hivi, na "He borrows my pen" ni kwamba huiazima, ndiyo desturi yake. Hayo ni kweli. Lakini Waingereza wana njia ya tatu, nayo huwababaisha wengi: "He is always borrowing my pen."

Asemaye hivyo hana maana kwamba kalamu huazimwa usiku na mchana. Maana yake ni kwamba jambo hilo limetendeka kupita kiasi, naye amechoka nalo. Kiswahili kina usemi ulio sawa na huo: "Haishi kuazima kalamu yangu."

Kanuni yake ni nyepesi. Neno "always" huwekwa baada ya "am", "is" au "are", na kabla ya kitendo chenye "-ing". Badala yake huweza kutiwa "constantly" au "forever".

Karani akiandika, "The messenger always comes at eight," ametoa habari tu, na labda ni sifa. Lakini mkulima akisema, "Your goats are always coming into my maize," jirani hutambua mara moja kwamba subira imekwisha.

Hapo ndipo penye hatari. Karani amwandikiaye mkubwa wake, "You are always sending the forms late," hudhani ameeleza jambo lililo wazi; lakini aisomaye barua huona amekaripiwa, na msaada ulioombwa huenda usipatikane. Afadhali kutaja miezi yenyewe: "The forms reached us late in March and in May." Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Hata hivyo, si kila mara usemi huu ni lawama. "She is always helping people" husemwa kwa upendo, kumsifu mtu ambaye wema wake hauna kipimo.

Sasa msomaji na ajaribu kutia sentensi hizi katika Kiingereza: "Mtoto huyu haishi kupoteza kalamu zake," na "Duka hili hufungwa saa kumi na moja."

Majibu: "This child is always losing his pens." "This shop closes at five." Ya kwanza ina manung'uniko, ya pili haina.