Upakaji au Utandishaji? Istilahi na Ukweli wa Tando Nyembamba

Katika mjadala wa istilahi za sayansi, imezoeleka kudhani kwamba neno lolote hufaa almradi limekubaliwa. Dhana hiyo haina budi kupingwa pale neno linapoficha namna jambo lenyewe linavyotukia. Mfano bayana ni uundaji wa tando nyembamba za seli za umeme wa jua, kazi ambayo ni rahisi kuiita "upakaji".

Kupaka ni kueneza kitu kilichokwisha kuwapo: rangi iliyomo koponi na iliyo ukutani ni ile ile. Utando wa silikoni isiyo fuwele hauko hivyo. Gesi ya silani huingizwa katika chombo kilichoondolewa hewa, ikavunjwavunjwa kwa umeme. Vipande vyake hutua juu ya kioo kilichopashwa moto, na hapo ndipo maada mpya inapoumbika. Kioo kikiwa na joto la nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi, haidrojeni ya kutosha hubaki ndani ya utando na kuziba vifungo vya silikoni vilivyoachwa wazi. Joto likizidi mno, haidrojeni hutoka, na vifungo vilivyo wazi huzinasa chaji za umeme. Likipungua mno, utando hujaa vitundu na kasoro. Aidha, silani ikichanganywa na haidrojeni kwa wingi, fuwele ndogo ndogo huanza kuota. Gesi ni moja, mazao ni mbalimbali.

Historia inaithibitisha hoja hii. Mwaka 1975, W. E. Spear na P. G. LeComber wa Dundee, Uskochi, walionyesha kwamba upitishaji umeme wa utando utokanao na silani huweza kudhibitiwa kwa kutia fosforasi au boroni. Mwaka 1976, D. E. Carlson na C. R. Wronski wa maabara za RCA, Marekani, walitangaza seli yenye ufanisi wa asilimia 2.4. Silikoni haikuwa elementi ngeni. Kilichofungua njia ni namna ya kuunda utando wake.

Yamkini watetezi wa "upakaji" watasema kwamba ziko mbinu ambamo kimiminika hupakwa kweli. Hata hivyo, humo pia utando hukamilika baada ya kukaushwa au kuchomwa, na joto la hatua hiyo ndilo huamua ubora wake.

Inafaa, basi, kurejea kitenzi "tanda", ambacho ndicho mzizi wa "utando" wenyewe. Mawingu hutanda kwa kujikusanya angani, hakuna anayeyapaka. "Utandishaji" ungebeba maana ya kukifanya kitu kitande, na kuacha nafasi ya kutaja hali zake: joto, kanieneo na kasi. Mwanafunzi aliyefunzwa "upakaji" atauliza ni kiasi gani kimepakwa. Aliyefunzwa "utandishaji" atauliza kilitanda katika hali gani. Swali la pili ndilo la kisayansi, na istilahi isiyomwelekeza huko haijatimiza wajibu wake.